Mtihani ubaki, mkanda sijui

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtihani wa mikanda unaonesha kweli maendeleo ya mwanafunzi wa karate. Mimi suali langu jengine: nani awe mtahini?

Nilikaa kuandika niseme mtihani hauna maana. Pemba kwetu kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo, kinachezwa tangu enzi za mababu. Zumari likilia unaingia na fimbo yako, bingwa anajulikana bila mkanda. Hata Japani madaraja haya ya mikanda si ya kale. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alianza kutoa dani, yaani madaraja ya juu, mwaka 1883, karate ikafuata 1924 kwa mkono wa Funakoshi Gichin. Halafu kuna ada, na nauli ya mtahini kutoka Unguja. Haya!

Lakini kuna mtihani mmoja wa Wete. Boti ilichelewa, watoto wamekaa barazani na sare zao nyeupe tangu asubuhi, wengine wamesinzia. Mtahini akafika baada ya adhuhuri, akanywa maji, akaanza. Mpwa wangu akaitwa kucheza Heian Shodan, kata (mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa) ya mwanzo ya Shotokan, mtindo wetu wa karate. Ukiicheza sawasawa unamalizia pale pale ulipoanzia. Yeye akamalizia hatua nzima pembeni. Akarudishwa, akaishia upande ule ule. Mwalimu wake keshakunja uso. Mtahini akaomba chaki, akapiga mstari sakafuni, akamwambia aende na kurudi kwa zenkutsu dachi, hatua ndefu goti la mbele limekunjwa, naye anapima kila hatua kwa unyayo wake. Hatua ya mguu wa kulia ilikuwa fupi.

"Mguu huu umepata nini?"

Mtoto kimya. Nikajibu mimi: alianguka mkarafuu msimu uliopita. Sote tulijua kapona. Mwalimu anamwona kila wiki, mama yake anamwona kila siku, na hakuna aliyeliona lile.

Mkanda hakupewa. Dada yangu alinuna siku mbili tatu, maana ada hairudi.

Basi mtihani nauunga mkono, ila mtahini awe mgeni, kwani mwalimu wa kila siku macho yake yameshazoea. Ingawa mgeni naye anaona siku moja tu, na mtoto anaweza kuwa na homa siku hiyo. Mkanda wenyewe, watu wazima wanaweza kuishi bila. Wadogo waachiwe, maana bila rangi mpya wengine Jumamosi hawaji. Na aliyefeli akirudia, asilipishwe tena.