Gesi, meli na Mchina wa kwenye simu

Mzee, kuna picha ya meli bandarini Mtwara, wameandika "gesi yetu hiyoo, inakwenda China". Ni kweli? – Msomaji, Mikindani

Si kweli. Nami nimeipata mara nne, mara ya mwisho kwa mke wangu. Ikuze utazame gatini: tingatinga linasukuma rundo jeusi ti. Hayo ni makaa ya mawe ya Ruvuma. Gesi ili ipande meli sharti ipoozwe hadi nyuzi 160 hivi chini ya sifuri, igeuke maji, na kiwanda cha kazi hiyo ni kile cha Likong'o, Lindi, tunachokisikia miaka nenda rudi. Hakijajengwa.

Lakini bomba si la Mchina? – Msimbati

Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam ni la TPDC, shirika la petroli la Serikali yetu. Cha Mchina ni mkopo: zaidi ya dola bilioni 1 kutoka Benki ya Exim ya China, na makampuni ya huko ndiyo yaliyolijenga, likazinduliwa 2015. Mkopeshaji si mwenye mali, ila deni analipa mwananchi, kwa hiyo anayetaka kujua masharti yake asiitwe mchochezi.

Visima vya Mnazi Bay, hapo hapo kwenu, vinaendeshwa na Maurel & Prom ya Ufaransa, na mwenye hisa nyingi katika kampuni hiyo ni Pertamina, shirika la mafuta la serikali ya Indonesia. Vijiweni tunamsema Mchina; Mwindonesia anakunywa chai yake kwa raha. Halafu hisa za TPDC kisimani zimepanda kutoka asilimia 20 hadi 40. Hiyo sijaiona ikisambazwa hata mara moja.

Wanasema wanaolalamika mitandaoni wametumwa na mabeberu. – Lindi mjini

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipiga kelele "gesi haitoki", na wengine wakapoteza maisha. Beberu gani aliwafundisha? Walichotaka kujua ni sisi tunabaki na nini. Sikatai kwamba zipo akaunti za nje zinazokoleza moto, lakini kuni ni zetu.

Na korosho, wanaotupangia bei si Wahindi? – Tandahimba

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Tunauza ghafi, wenye viwanda wako India na Vietnam. Mwaka 2018 Serikali iliwagomea, ikatangaza kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakasomba. Bei ikawa nzuri, stakabadhi zikakaa chini ya godoro miezi mingi zikingoja hela.