Kisado kilichobonyezwa

SWALI: Asalaam alaykum, sheikh. Nauza maharage sokoni, hapa Temeke. Bosi amegonga kitako cha kisado kikaingia ndani, kwa juu huoni kitu. Kila Ijumaa ananipa fedha nipeleke msikitini. Ukimuuliza, anasema soko zima ndivyo linavyopima. Mimi ndiye ninayemimina. Nina dhambi?
Mama Z., Dar es Salaam

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Hilo la “soko zima” nalisikia kila wiki, hata kwa wanaowahi safu ya kwanza. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza na wapunjaji hao hao: wakipimiwa wao hutaka kijae, wakiwapimia watu hupunguza. Naye Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza, mbona hukuuweka juu watu wauone?

Mkono wako umo, mama. Mwambie bosi faraghani, kwa adabu, aache kisado, anunue mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, muuze kwa kilo. Akikataa, usimimine tena, hata ikibidi utafute kibanda kingine. Najua kodi ya chumba haisubiri, lakini anza kuulizia sasa.

Na zile fedha za Ijumaa? Wateja mnaowajua, wajazieni kilichopungua. Wasiojulikana, haki yao wapewe maskini kwa niaba yao, na bosi asiihesabu kuwa sadaka yake.