Mwalimu anajibu: katiba iliyotupwa

SWALI: Mwalimu, jambo sana. Mtoto wangu anasoma sheria hapa Lubumbashi. Ameniambia Marekani ilikuwa na katiba nyingine kabla ya hii tunayoisikia. Kama ni kweli, kwa nini hawakuirekebisha tu?
— Mama wa Katuba

JIBU: Jambo, Mama. Mtoto hakudanganyi. Mapatano yale ya kwanza, ya konfederasioni (yaani kila jimbo linabaki na madaraka yake, serikali ya katikati inakuwa dhaifu), yalianza kazi tarehe 1 Machi 1781, na kuyarekebisha walijaribu. Ugonjwa ulikuwa humo humo.

Katika lupango letu huku Kamalondo tulikuwa nyumba sita, robine moja. Tulipatana fakitire igawanywe sawa, na kanuni isibadilishwe ila wote sita wakubali. Jirani wa nyumba ya nyuma alikuwa anafua nguo za watu kwa malipo, beseni nne tangu alfajiri. Tukamwomba aongeze kidogo. Akasema hapana, akarudi kwenye sabuni yake. Watano tulitaka, mmoja hakutaka, basi. Deni likapanda, maji yakakatwa, tukabeba bidoni wiki mbili.

Majimbo 13 ya Marekani yaliishi hivyo. Bunge lao halikuwa na haki ya kutoza kodi. Liliomba tu, kila jimbo likatoa lilivyojisikia. Mwaka 1783 askari waliokuwa wanadai mishahara walilizingira jengo la Bunge, Philadelphia, hata wabunge wakakimbilia Princeton. Bunge lilikuwa limeomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, likakataa. Kwa kuwa mabadiliko yalihitaji majimbo yote 13, mpango ukafa. Walipojaribu tena, New York ndiyo iliyokwamisha.

Mei 1787 wajumbe walikutana Philadelphia. Walitumwa kurekebisha, Mama, si zaidi. Wakafunga milango, wakapatana kutotoa siri, na Septemba wakatoka na katiba mpya kabisa: rais, mahakama, Bunge lenye kutoza kodi. Ujanja wenyewe uko mwishoni, kifungu cha 7: majimbo 9 yakikubali, inatosha kuanza kati yao. Na waliopiga kura ni mikutano maalumu iliyochaguliwa na raia, si mabunge ya majimbo ambayo yangepoteza madaraka. Rhode Island haikutuma hata mjumbe mmoja.

Je, ilikuwa halali? Kwa kanuni ya zamani, mimi nasema hapana. Mtoto na ambane profesa wake hapo. Tena asikubali kuambiwa ilikuwa kazi safi: ili kusini ibaki ndani, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti, na wao wenyewe bila kura.

(Wazee wa hapa neno hilo la konfederasioni wanalijua. Machi 1961, Tananarive, Madagaska, Tshombe, kiongozi wa Katanga, na wenzake walipatana Kongo iwe hivyo. Mwezi uliofuata, Coquilhatville (leo Mbandaka), Tshombe akakamatwa.)

New Hampshire ilikuwa ya tisa, tarehe 21 Juni 1788. Rhode Island ilingoja hadi 29 Mei 1790, Washington akiwa tayari rais na Seneti ikitaka kuifungia biashara. Ilikubali kwa kura 34 dhidi ya 32.

Na sisi? Watano tulivuta robine yetu. Jirani alikuja mwezi wa tatu, bidoni mkononi, akauliza tunalipa siku gani.