Ukikubali kuwa mlezi wa kijana, kubali kubaki

Watu wazima wengi ninaowaomba wajitolee kuwa walezi wa vijana, yaani kukutana na kijana mara kwa mara, kumsikiliza na kumshauri, hunijibu jambo lile lile kwa maneno tofauti: "Mimi ni nani hata nimshauri mtoto wa mwenzangu?" Mmoja hakusoma sana, mwingine biashara yake imeyumba, mwingine ndoa imevunjika na anaona haya kusimama mbele ya kijana. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, hayo siyo yanayomwangusha mlezi. Kinachomwangusha ni kuanza kwa kishindo, kisha kupotea.

Mwaka 2002, watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha utafiti juu ya vijana waliopewa walezi wa kujitolea kupitia shirika la Big Brothers Big Sisters. Vijana waliokaa na mlezi wao mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walirudi nyuma: walijithamini kidogo kuliko kabla ya kumpata huyo mlezi. Naomba usilipite hilo haraka. Mtu alikuja kwa nia njema, akaondoka, akamwacha kijana pabaya kuliko alipomkuta. Kijana aliyekwisha kuachwa na watu wazima wengine hatajali kwamba ulibanwa na kazi. Atakachojua ni kwamba na wewe pia umeondoka.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu ya shirika linalokupangia kijana, angalia mwaka wako ulivyo. Kama unatarajia kuhama, au una mgonjwa nyumbani anayekuhitaji usiku na mchana, subiri. Wakati huo unaweza kusaidia kwa njia isiyomfunga kijana kwako: kumsaidia kupitia barua yake ya kuomba kazi, kumfanyisha mazoezi ya usaili, au kwenda siku moja kuwaeleza vijana kazi yako inavyofanyika. Ukishaanza, saa moja kila wiki, siku ile ile, inamfaa kijana kuliko siku nzima ya matembezi ikifuatwa na mwezi wa ukimya. Na ukipata dharura, mpigie simu mwenyewe kabla ya muda wa miadi. Usimwache akae anakungoja.

Miezi ya mwanzo ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Unauliza habari za shule, unajibiwa "poa". Unauliza za nyumbani, "kawaida tu". Unarudi kwako ukidhani hakupendi. Mara nyingi anakupima tu, anataka kuona kama wiki ijayo utakuja.

Kijana mmoja niliyepangiwa alikuwa hivyo kila tulipokaa mezani tukitazamana. Siku moja cheni ya baiskeli yake ikawa inachomoka, tukainama wote kuirekebisha. Mikono imejaa grisi, macho yako kwenye gurudumu, akasema kwamba ameacha kuingia kipindi cha hisabati. Nilikuwa na hotuba nzima tayari mdomoni. Nikauliza tu, "Kwani kule darasani kunakuwaje?" Akaendelea kukaza nati, akaeleza jinsi anavyosimamishwa ubaoni na wenzake wanavyocheka. Tangu hapo sipangi tena vikao vya kutazamana. Tunatembea, tunapika, tunatengeneza kitu. Vijana wengi husema mazito wakiwa hawaangaliwi usoni.

Na wakishasema, usikimbilie ushauri. Uliza swali moja zaidi, ngoja. Akikuomba maoni, mpe kwa ufupi. Yale ya "sisi enzi zetu" yaache kabisa. Ukitaka kusimulia ya kwako, simulia mtihani uliofeli na ulichofanya wiki iliyofuata, maana hiyo wiki iliyofuata ndiyo asiyoijua. Wewe mwenye biashara iliyoyumba una cha kumpa hapo.

Kwa anayedhani mtu mmoja hawezi kubadili kitu, kuna utafiti wa Emmy Werner na wenzake huko Kauai, kisiwa cha Hawaii. Waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya wale waliokulia katika umaskini na misukosuko mingi ya kifamilia, karibu theluthi moja walikua watu wazima imara, wenye kujiamini. Jambo mojawapo lililojitokeza katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali: bibi, mjomba, mwalimu, jirani. Watu wa kawaida kabisa.

Usishindane na mzazi. Mtafute mapema, mwambie wewe ni nani na mtakuwa mnakutania wapi, na usimseme vibaya mbele ya mtoto wake hata kijana akianza yeye. Kuhusu pesa, fuata utaratibu wa shirika lako. Mkopo wa siri huharibu uhusiano haraka sana.

Shirika likitaka kukagua rekodi zako na kuwapigia watu wanaokufahamu, lishukuru, usikasirike. Lisilouliza chochote ndilo la kuliogopa. Kutaneni mahali panapoonekana, na mawasiliano yenu yawe ambayo mzazi na mratibu wa shirika wanaweza kuyasoma bila wewe kubabaika. Suala la siri lizungumze siku za mwanzo kabisa: "Mengi utakayoniambia yatabaki kwangu. Lakini nikiona kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, nitamwambia anayeweza kusaidia, na nitakujulisha kwanza." Ukingoja mpaka akwambie ndipo umweleze masharti, ataona umemsaliti.

Na siku ikifika ya kuachana, kwa sababu siku hiyo huja, mwambie wiki kadhaa kabla. Kutaneni mara ya mwisho mkijua ni ya mwisho. Mtajie mambo mahususi uliyoyaona kwake: alivyorudi kwenye kile kipindi, alivyomwomba mdogo wake msamaha. Usimwahidi kwamba mtaonana kama huna tarehe ya kumpa. Mratibu naye mjulishe mara tu unapojua utaondoka, ili kama kijana anataka mlezi mwingine, atafutwe wakati wewe bado upo na unaweza kuwatambulisha.