Mume anadai namvutia jirani umeme

Shangazi, shikamoo. Nipo Mbagala, tuna watoto wawili. Zamani umeme wa elfu kumi ulitufikisha siku kumi, sasa siku ya tano mita ya LUKU inalia. Mume wangu anasema namvutia jirani waya, na juzi kaficha pasi. Mama yake yupo nasi tangu Juni, anaumwa magoti. Anaoga maji ya moto asubuhi na jioni, tumemnunulia hita ya kuchovya kwenye ndoo. Taa ya nje hatuizimi usiku kwa sababu anaamka kwenda chooni. Nimechoka kusemwa. Nifanyeje?
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Naona neno la jirani limekuuma kuliko hizo pesa, na una haki ya kuumia. Tuanze nalo.

Jioni moja mume akiwa nyumbani, zimeni kila kitu. Chomoeni friji, televisheni, chaja, hata redio ya bibi. Kisha msogee pamoja kwenye mita mtazame ile taa nyekundu ndogo inayopepesa. Ikitulia kabisa, hakuna mtu anayekula umeme wenu, na hilo atakuwa ameliona kwa macho yake. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaovujisha au umeunganishwa mahali, hapo muiteni fundi mwenye leseni au mtoe taarifa TANESCO. Msipande kwenye nguzo wala kufungua mita wenyewe.

Mimi nadhani itatulia. Nimepiga hesabu ya barua yako. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, ukiacha ile mara moja kwa mwezi inapokatwa kodi ya jengo. (Kama mmepanga, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Zungumzeni naye aipunguze kwenye pango.) Zamani mlitumia karibu uniti 3 kwa siku, sasa zinakaribia 6. Hita nyingi za ndoo ni za wati 1,500 hadi 2,000. Ya wati 2,000 ikikaa nusu saa inakula uniti 1, kwa hiyo asubuhi na jioni ni 2. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili inakula uniti 0.7. Jumlisha uone, pengo lote limeshapatikana, na pasi aliyoificha haimo.

Sasa nisikilize vizuri. Usiende kumwambia mumeo "ni mama yako". Yule ni mama mzazi, magoti yanamuuma, na maji ya moto ndiyo nafuu yake. Nilimuuguza mama yangu nyumbani kwangu, najua mzee akihisi amekuwa mzigo anavyoacha hata kuomba chai. Maji asinyimwe. Yanayohitaji kupunguzwa ni yale ya kuchemka ambayo baadaye mnayapoza kwa maji ya bomba. Pasha ndoo nusu, ifunike, zima yakishakuwa vuguvugu la kumtosha. Yale ya jioni, jaza dumu jeusi saa nne asubuhi uliweke juani, jua la Dar litakufanyia kazi kubwa, na siku ya mawingu utaongezea dakika chache tu. Hita yenyewe naiogopa. Ichomoe kwenye soketi kabla mtu yeyote hajagusa maji, na watoto wasiikaribie kabisa, imeshaua watu.

Taa ya nje iacheni iwake, mzee asije akajikwaa. Badilisheni balbu tu. Ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha kwa wiki nzima haifikishi uniti 1.

Friji nalo, funga mlango wake ukiwa umebana karatasi. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Lisogeze mbali kidogo na ukuta, na sufuria ya maharage ipoe kwanza kabla hujaiingiza. Pasi akishairudisha, nyoosha sare zote za shule Jumapili kwa mkupuo mmoja.

Kisha chukua daftari la mtoto. Kila siku saa moja jioni soma uniti zilizobaki, uandike. Bora zaidi mumeo ndiye aandike. Baada ya siku saba mtaona wenyewe zilikuwa zinaenda wapi, na akiuliza kuhusu hita, yeye ndiye azungumze na mama yake, kwa upole, wewe ukiwa jikoni.

Usiku ule taa ya mita itakapotulia, usimkumbushe habari ya jirani. Mpe nafasi akuombe radhi mwenyewe. Wiki ikipita hajasema kitu, niandikie tena, mwanangu, maana hapo tutakuwa na jambo jingine la kuzungumza, na si la umeme.