Uvimbe wa nyuroendokrini tumboni: kabla ya "atapona?", uliza ni aina ya ngapi

Pole sana, ndugu yangu. Umesema mama alifanyiwa endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni), kipimo cha kinyama kikaonyesha "uvimbe wa nyuroendokrini, G1", yaani uvimbe wa seli zinazotoa homoni, wa daraja la kwanza, na tangu hapo hamlali mkiwaza amebakiza muda gani. Nami ninaishi na ugonjwa huo.

G1 peke yake haijibu swali lenu. Daraja hupima kasi ya seli kugawanyika: Ki-67, yaani kiasi cha seli zinazogawanyika, ikiwa chini ya asilimia 3 ni G1, 3 hadi 20 ni G2, ikizidi 20 ni G3. Kwa tumbo la chakula lakini, lazima kwanza ijulikane kwa nini uvimbe umeota. Hapo ndipo aina 3 zinapoachana.

Aina ya 1 ndiyo yangu, na ndiyo ya wengi, kama 7 au 8 kati ya wagonjwa 10. Kinga ya mwili hushambulia seli zinazotengeneza asidi. Asidi ikikosekana, mwili humwaga homoni ya gastrini kwa wingi ili kuirudisha, na gastrini hiyo ikikaa juu miaka na miaka huchochea seli za tumbo zinazotoa homoni, ziitwazo ECL, hadi ziote vivimbe kadhaa, aghalabu chini ya sentimita 1. Seli zinazoshambuliwa ndizo pia zinazowezesha vitamini B12 kufyonzwa, ndiyo maana mimi nilianza kwa uchovu na upungufu wa damu. Aina hii husambaa kwa nadra sana. Vivimbe vikubwa kidogo hutolewa kwa endoskopi, vidogo hufuatiliwa. Nachomwa sindano za B12, narudi kuchunguzwa, na wengi wetu tunazeeka nayo.

Aina ya 2 ni adimu: gastrini hutoka kwenye uvimbe mwingine, wa duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) au kongosho, kwa kawaida kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa MEN1. Kwao asidi imezidi.

Aina ya 3 ndiyo inayonitia hofu. Gastrini ni ya kawaida, tumbo halina tatizo jingine, uvimbe ni mmoja na mara nyingi mkubwa. Huweza kufika kwenye matezi ya limfu na ini, kwa hiyo wengi hufanyiwa upasuaji. G1 ya aina hii usiipime kwa mzani wa G1 yangu.

Muulizeni daktari kama vinyama vilichukuliwa pia sehemu za tumbo zisizo na uvimbe, maana hizo ndizo zinazoonyesha kama utando wa tumbo umesinyaa, kama ilivyo kwa aina ya 1. Muulizeni gastrini, B12, ukubwa na idadi ya vivimbe. Kama mama anatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, mwambieni daktari kabla ya kupima gastrini, kwani dawa hiyo nayo hupandisha gastrini. Ila mama asiiache bila ruhusa ya daktari: ikiwa ni aina ya 2, asidi itafumka na vidonda vinaweza kuvuja damu.