Siri ya furaha, mmeiuliza tena

Maswali mliyoniandikia safari hii ni mengi, na mengi kati yake ni swali lilelile limebadilishwa nguo. Naanza nalo ili tulimalize.

Naomba uniambie siri ya furaha ya kudumu.

Ya kudumu haipo, na siri haipo. Anayekuuzia zote mbili kwa pamoja, mwulize yeye kazipata wapi.

Nimeweka programu kwenye simu inayonitaka nijipe alama ya furaha kila jioni, moja hadi kumi. Nikipata tano nahuzunika zaidi. Nakosea wapi?

Hukosei, umefanya jaribio na jibu umelipata. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Iris Mauss na wenzake waliwapa watu makala ya kusifu umuhimu wa furaha, kisha wakawaonyesha filamu ya kufurahisha. Waliosoma makala hiyo waliifurahia filamu kidogo kuliko wasioisoma. Mtu akiketi kuitazama furaha huku ameshika rula, anachoona ni upungufu. Futa hiyo programu. Jioni jiulize swali jingine: leo nimefanya nini, na nimekifanya na nani?

Nasoma habari kwenye simu hadi saa saba usiku. Vita, bei, magonjwa. Nikiizima, usingizi umekwisha kukimbia. Nifanyeje nipate utulivu?

Simu ilale chumba kingine. Ningeishia hapo, ila najua utanijibu kwamba ndiyo inayokuamsha asubuhi. Saa za kengele bado zinauzwa.

Tuelewane kuhusu mwili. Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa utendaji wa mwili, alieleza jinsi kiumbe anavyojiandaa kupigana au kukimbia anapoona hatari: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, sukari inajaa kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi. Matayarisho mazuri sana kwa mwenye kukimbia. Wewe sasa umelala chali gizani, hukimbii popote, na kilichokutisha kiko mbali, hakipigiki ngumi. Nguvu yote hiyo iende wapi, kama si kukukodolesha macho darini?

Sikwambii ujifanye hujui yanayotokea duniani. Soma mara moja kwa siku, mchana, ukiwa umekaa, kisha inuka ufanye kazi ya mikono. Kama kuna jambo unaloweza kulisaidia, lisaidie. Kama hakuna, kulisoma mara ya nane hakumfai aliyepatwa. Halafu kahawa ya jioni iache, maana kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Najua hukuuliza kahawa, lakini anayekesha na simu mara nyingi ana kikombe pembeni.

Ni kweli tabia mpya hujengeka kwa siku 21?

Hapana, na naijibu hii kwa mara ya nne. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya jijini London, wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalitofautiana kati ya mtu na mtu kuanzia 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakubomoi kitu. Hilo la mwisho ndilo la kushika, kwa sababu wengi wenu mnaacha siku ya 22 mkidhani mna kasoro.

Niliambiwa niandike kila usiku mambo kumi ya kushukuru. Ni wiki ya tatu, sasa naandika "hewa", "macho", "viatu". Sioni mabadiliko.

Umenichekesha, asante. Zoezi lenyewe si uzushi. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 kwamba watu walioandika mara moja kwa wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru waliyaona maisha yao vizuri kuliko walioorodhesha kero. Kisha Sonja Lyubomirsky na wenzake wakalinganisha waliofanya hivyo mara moja kwa wiki na waliofanya mara tatu. Walionufaika ni wa mara moja. Wewe unafanya mara saba, na mambo kumi kila mara! Shukrani umeigeuza kazi ya shule, na kazi ya shule kila mtu anajua inavyoandikwa.

Punguza. Jumapili moja, mambo matatu, na kila jambo liwe na sura. Usiandike "familia". Andika kwamba mtoto alikuachia kiti cha dirishani bila kuombwa. Na kama jambo lina mtu nyuma yake, funga daftari, mwambie mwenyewe.

Mazoezi gani ni bora kwa msongo wa mawazo?

Yale utakayorudia kesho. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabiwa, kwa hiyo vifaa si kisingizio.

Watu husema pesa hainunui furaha. Mimi nina madeni na siamini. Wewe unasemaje?

Nasema anayelala na madeni akiambiwa maneno hayo, ametukanwa. Na wanaoyasema kwa sauti kubwa jukwaani wamekwisha kulipwa kwa kuyasema.

Wenye kupima mambo haya wamebishana kwa miaka. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliona kwamba kwa Wamarekani, hali ya moyo ya kila siku haikuendelea kupanda kipato kilipopita takriban dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaja na takwimu nyingine, hakuiona dari hiyo. Wakafanya jambo ambalo wabishi hawalifanyi: Kahneman na Killingsworth wakaketi meza moja, pamoja na Barbara Mellers, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja. Watu wengi huendelea kupata nafuu kadiri kipato kinavyopanda. Ila wale wenye huzuni nzito kuliko wenzao, nafuu yao hufika mahali ikasimama. Yaani pesa huondoa mateso ya kukosa pesa, na yaliyobaki yanataka dawa nyingine.

Kwa madeni yako: yaandike yote kwenye karatasi moja, hata yale unayoyaonea aibu, kisha mwendee mdai kabla hajakujia. Deni lililo kichwani huongezeka usiku bila riba. Usikope ili ujipoze, na usiweke tumaini kwenye bahati nasibu. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 1978 uliowahoji washindi 22 wa bahati nasibu. Hawakuwa na furaha ya maana kuwazidi majirani zao, na raha ndogondogo, kama kuongea na rafiki, kusikia kichekesho au kusoma jarida, kwao zilikuwa zimepungua ladha. Washindi 22 si wengi, usiufanye msahafu.

Nikilalamika, mume wangu hunijibu "wapo wenye shida kuliko wewe". Je, nakosa shukrani?

Wapo, na kuwepo kwao hakukupunguzii mzigo hata kilo moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila na wewe msaidie: kabla hujaanza, mwambie unataka kusikilizwa dakika kumi, hutaki ushauri. Wengi hukimbilia kutoa dawa kwa sababu hawajui kwamba wameitiwa masikio.

Nina wafuasi elfu nne mtandaoni, na sina wa kumpigia simu nikiumwa. Nina miaka 41. Nimechelewa?

Hujachelewa, lakini acha kuhesabu wafuasi. Mfuasi hajui hata unapumulia upande gani.

Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia wanafunzi wake 268, wakaunganishwa baadaye na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, na utafiti huo haujakoma mpaka leo. Robert Waldinger, anayeuongoza, hueleza kwamba waliotosheka zaidi na uhusiano wao na watu wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Angalia: waliotosheka, si waliokuwa na watu wengi. Miaka tisa ya kufika 50 unayo.

Chukua majina mawili. Si kumi. Wawili ambao mlipotezana bila ugomvi. Wapigie, usiandike ujumbe, na usimalize kwa "tutafutane". "Tutafutane" si miadi, ni njia yetu ya adabu ya kuagana na mtu tusiyekusudia kumwona. Taja siku na saa. Kisha omba msaada mdogo, kuazima kitu, kuelekezwa jambo. Anayeombwa kidogo hujiona ana nafasi kwako.

Na wale wa njiani usiwadharau. Watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba wasafiri wa treni kule Chicago waongee na mtu wasiyemjua. Walioongea walifurahia safari kuliko waliokaa kimya, ingawa wengine walipoulizwa wabashiri walidhani itakuwa kinyume chake.

Miezi miwili sasa sijisikii chochote. Nilivyovipenda havinigusi. Naamka saa tisa usiku silali tena, na wakati mwingine naona afadhali nisingekuwepo. Nipe mbinu ya kufurahi.

Sikupi mbinu, mwanangu. Unahitaji mtu wa tiba, na iwe wiki hii. Hali kama yako ikizidi wiki mbili, madaktari huichunguza kama sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba, kwa maongezi, kwa dawa, au vyote viwili. Hilo la afadhali usingekuwepo mwambie mtu mmoja leo kabla hujalala, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia, usiyapunguze makali. Wazo likikuzidi, usibaki peke yako: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, au upelekwe.

Nyinyi wengine mnaosoma, mkiletewa maneno haya msijibu "jikaze". Sala haizuiwi na daktari, na daktari asizuiwe na sala.

Namuuguza mama yangu, huu mwaka wa pili. Juzi alinisimulia kisa tukacheka mpaka machozi. Usiku nikalia kwa hatia. Nachekaje na hali yenyewe ni hii?

Hukumwibia mtu, dada. Unamjua mama kuliko yeyote, ndiyo maana kisa chake kilikuchekesha hivyo.

Kilichonitia wasiwasi si kicheko. Barua yako ni ndefu, na ndani yake hukumtaja hata mtu mmoja anayekupokea zamu. Mtafute, hata kwa nusu siku ya wiki, na usimwombe kwa kuzunguka. Nusu siku hiyo usifue wala kupiga deki. Lala, au toka nje utembee.

Kisa chenyewe kiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama kuna sehemu umeisahau, kesho mwombe akisimulie tena.